Bogenvilia Inayogoma: Dalili, Vyanzo na Tiba

Bogenvilia ikianza kusumbua, weka chini ndoo ya maji na mfuko wa mbolea kabla hujafanya lolote. Mmea ukilegea, majani yakigeuka manjano au maua yakikawia, wengi hukimbilia maji, na maji yasiposaidia wanaongeza mbolea. Mara nyingi hivyo viwili ndivyo vilivyoleta ugonjwa wenyewe. Bogenvilia zinazokufa kwa kuhudumiwa mno ni nyingi kuliko zinazokufa kwa kusahauliwa, na inaniuma kulisema hilo kwa sababu anayeziua ni yule yule anayezipenda.

Anza kwa kukagua mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni jua. Hesabu saa ambazo jua linaupiga mmea wenyewe moja kwa moja, bila kupita kwenye matawi ya mti mwingine. Zikiwa chini ya saa 6 kwa siku, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. La pili ni udongo. Ingiza kidole kiasi cha sentimita 5 na usikilize kinachohisi: unyevu, ukavu au tope. Kisha nusa, maana udongo wenye harufu ya kuoza hauhitaji uchunguzi zaidi. La tatu ni gome. Kwangua kidogo kwa ukucha kwenye tawi, ukianzia nchani na kushuka. Chini ya gome pakiwa kijani chenye majimaji, tawi liko hai hata kama halina jani hata moja. Pakiwa kahawia na pakavu, sehemu hiyo imekufa. Endelea kushuka mpaka ukutane na kijani au ufike ardhini.

Ukishamaliza hayo, tafuta dalili yako hapa chini.

Majani tele, miiba mirefu, maua hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa sura.

Elewa kwanza maua yanatokea wapi. Ile sehemu yenye rangi kali, ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe, ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi. Ua halisi ni kile kijibomba cheupe kilichoshikamana na kila jani la rangi. Mashada haya hutoka kwenye matawi machanga, hasa kuelekea nchani. Katika kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na tawi, kuna chipukizi ambalo linaweza kuwa mwiba au kuwa shada la maua. Wataalamu wa mimea huvihesabu viwili hivyo kuwa kiungo kimoja kilichofuata njia mbili tofauti. Mwanga ukiwa hafifu na tawi likiwa linakimbia kukua, chipukizi huishia kuwa mwiba. Mwanga ukiwa mkali na tawi likipunguza mwendo, maua hutoka.

Kwa hiyo kagua makwapa ya matawi mapya. Ukikuta miiba mirefu na iliyonona, nafasi kati ya jani na jani ni kubwa, na majani yenyewe ni mapana ya kijani kizito, mmea wako unashiba maji na chakula lakini haupati jua la kutosha au haupumziki. Sasa tenganisha vyanzo.

Jua pungufu hujificha katika bustani za zamani. Bogenvilia ilipandwa mahali peupe, ikatoa maua miaka kadhaa, kisha mti wa jirani ukatanua matawi au ukuta ukapanda. Hakuna aliyegundua kwa sababu kivuli kilikuja polepole. Dalili yake ni kwamba upande mmoja tu, ule unaoona jua, ndio wenye rangi, au maua yapo juu kabisa peke yake. Hapa hakuna mbolea itakayosaidia. Punguza matawi ya mti unaoziba, au hamisha chungu. Usiutoe mmea uliozoea kivuli na kuuweka kwenye jua kali la mchana siku hiyo hiyo, maana majani yake yataungua. Mpe jua la asubuhi kwa wiki moja au mbili, kisha uuache peupe.

Maji mengi ndiyo chanzo kinachofuata, na kwa mmea wa kwenye chungu mara nyingi ndicho cha kwanza. Bogenvilia ikipata maji kila siku haina sababu ya kuacha kuotesha majani. Dawa yake ni kiu ya kiasi. Acha udongo ukauke mpaka majani machanga yaanze kuinama kidogo, kisha mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini, halafu subiri tena. Ukirudia hivyo kwa mwezi mmoja hivi, vichipukizi vya rangi huanza kuonekana kwenye ncha. Kuinama kidogo si kukauka: majani yakianza kujikunja na kuwa makavu mkononi, umepitiliza. Na usifanye hivi kwa mche mchanga uliopandwa juzi wala kwa mmea unaougua. Hao wanahitaji unyevu wa wastani hadi wapate nguvu.

Ikiwa imepandwa ardhini na ni msimu wa mvua, huna mamlaka juu ya mawingu. Hakikisha tu maji hayatuami shinani, kisha usubiri. Mimea hii asili yake ni Amerika ya Kusini, kuanzia Brazili hadi Peru na kaskazini mwa Ajentina, na kiangazi cha wastani hakiitishi. Mara nyingi mlipuko mkubwa wa rangi huja wiki chache baada ya mvua kukatika.

Naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, nayo ina njia zake za siri. Mtu ataapa kwamba hajaweka mbolea, na anasema kweli. Lakini bogenvilia yake inapakana na ukoka unaomwagiliwa na kurutubishwa kila mara, na mizizi haijui mpaka wa bustani. Samadi mbichi, hasa ya kuku, hufanya vivyo hivyo. Simamisha mbolea yote kwa miezi miwili au mitatu. Ukirudi kulisha, chagua mbolea ambayo naitrojeni yake haizidi potasiamu, na uanze na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Inayoyeyuka polepole ni salama zaidi kuliko inayoyeyuka mara moja.

Kisha kuna mkasi. Wale wanaotaka uzio ulionyooka hukata kila baada ya wiki mbili, na kila wanapokata wanaondoa ncha zile zile ambazo zingetoa maua. Uzio wa namna hiyo utakuwa wa kijani milele. Pogoa mara tu duru moja ya maua inapokwisha, kisha uache matawi mapya yakue kwa wiki 6 hadi 8 bila kuguswa. Kwa upande mwingine, kutopogoa kabisa huacha mmea ukiwa mifupa mitupu chini na maua machache juu ambako hakuna anayeyaona. Zile fito nene zinazochomoka kutoka shinani na kwenda juu kwa kasi zikiwa zimejaa miiba, ziondoe mapema. Zinakula nguvu ya mmea na huchelewa sana kutoa maua.

Kipo pia chanzo ambacho si ugonjwa. Mmea uliohamishiwa ardhini hushughulika na mizizi kwanza, na unaweza kukaa hata mwaka mzima bila maua ya maana. Vilevile bogenvilia huenda kwa duru: maua wiki kadhaa, mapumziko wiki kadhaa. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, aina nyingi hutoa maua zaidi wakati siku zinapokuwa fupi na usiku mrefu, hivyo kupungua kwa rangi katikati ya kiangazi chenye siku ndefu ni jambo la kawaida. Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, kwa hiyo ukavu na mkasi ndivyo vinavyoanzisha duru mpya. Hapo wewe una nafasi kubwa ya kuamua maua yatoke lini.

Majani yamelegea

Hapa ndipo watu wanapopoteza mimea. Kulegea kuna vyanzo vikuu viwili vinavyopingana, na tiba ya kimoja ni sumu kwa kingine.

Udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Mwagilia polepole, subiri dakika chache, kisha mwagilia tena. Majani yatasimama ndani ya saa chache. Angalia jambo moja kwenye chungu: udongo uliokauka sana hujikusanya na kuachana na kingo, na maji yote yanapita pembeni yakitoka chini bila kugusa mizizi. Utaona maji yanamwagika haraka na utadhani umemaliza kazi, kumbe katikati pako kama ulivyopakuta. Tumbukiza chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kitoe kichuje.

Udongo ukiwa umelowa na majani bado yamelegea, mizizi inaoza. Mizizi iliyokosa hewa inakufa, vimelea wa udongoni kama *Phytophthora* na *Rhizoctonia* wanaishambulia, na mmea unakosa njia ya kunyonya maji ingawa umesimama ndani yake. Dalili nyingine ni majani kupauka, kuwa manjano bila mpangilio na kudondoka yakiwa bado laini. Kulegea kwa kiu huambatana na majani makavu. Kulegea kwa kuoza huambatana na majani mororo.

Kwenye chungu, chukua hatua leo. Laza chungu ubavuni, gonga kingo, utoe bonge zima la udongo bila kuvuta shina. Mizizi yenye afya ni migumu na ina rangi ya maziwa au hudhurungi hafifu. Iliyooza ni nyeusi, ina utelezi, na ganda lake huchomoka ukiivuta kidogo. Kata iliyooza kwa mkasi safi. Panda tena kwenye chungu kinachotosha mizizi iliyobaki tu, hata kama ni kidogo kuliko cha mwanzo, kwa udongo mpya unaopitisha maji. Punguza matawi kwa kiasi cha theluthi moja ili mizizi michache isibebeshwe mzigo wa majani mengi. Weka mahali penye mwanga lakini si jua la mchana kwa siku kadhaa. Mbolea isubiri mpaka uone machipukizi mapya.

Mchanganyiko ninaouamini ni sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Na acha ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu ukidhani zinasaidia maji kutoka. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto kabla ya kushuka, hivyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi. Tundu kubwa lisiloziba linatosha. Pia kiondoe kile kisahani cha chini, au kimwage kila baada ya kumwagilia.

Ardhini kazi ni ngumu zaidi. Chimba mfereji wa kuondoa maji, ondoa matandazo yaliyorundikwa kwenye shina, na kama ni udongo wa mfinyanzi, ujue kwamba kwa mmea unaofuata utahitaji tuta lililoinuka angalau sentimita 30. Kuchimba shimo ndani ya mfinyanzi na kulijaza udongo mzuri hutengeneza bakuli linaloshika maji, na mche hufia humo.

Kulegea kwa tatu huonekana siku chache baada ya kupandikiza. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na huvunjika upesi, na bonge la udongo likimeguka mkononi, mmea unapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunywa. Mche uliokwisha kulegea upe kivuli chepesi, udongo wenye unyevu bila tope, na uvumilivu. Kwa ule unaofuata, usivute mche kutoka kwenye mfuko. Chana mfuko pembeni na chini, uweke bonge shimoni pamoja na plastiki yake, kisha ondoa plastiki taratibu huku ukijaza udongo. Usikung'ute mizizi wala usiifumue.

Majani ya manjano

Angalia ni majani yapi. Swali hilo pekee linamaliza nusu ya kazi.

Majani machanga ya nchani yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukinyonya kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Bogenvilia hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5 hivi. Ile iliyopandwa kando ya ukuta mpya au sakafu ya saruji hupata taabu hii kwa sababu mabaki ya saruji na chokaa yamezikwa pale pale. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi hufanya vivyo hivyo polepole kwenye vyungu. Mbolea ya chuma ya aina ya kelati, ikimwagwa udongoni au kunyunyizwa majanini, huleta kijani upesi. Lakini bila kupunguza chokaa dalili itarudi. Fukua vipande vya saruji, ongeza mboji, na kwa udongo sugu tumia salfa ya unga kwa kipimo kidogo.

Majani ya zamani yakiwa manjano katikati ya mishipa, fikiria magnesiamu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) kwenye lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, kinatosha.

Majani ya zamani yakiwa manjano yote kwa usawa na mmea umedumaa, hapo kweli ni njaa ya naitrojeni. Hutokea kwenye vyungu vya siku nyingi ambavyo maji yamesomba kila kitu. Nimeonya sana dhidi ya mbolea, lakini mmea wa kwenye chungu usipolishwa kabisa hudhoofika. Chakula kidogo mara tatu au nne kwa mwaka kinafaa zaidi kuliko sherehe moja.

Kingo za majani zikiwa kahawia na kavu kama zimeunguzwa, ni chumvi ya mbolea iliyokusanyika. Mara nyingi utaona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu. Pitisha maji mengi safi mara kadhaa mfululizo siku moja, yakitoka chini kila mara.

Na majani machache ya manjano ndani ya kichaka, kwenye matawi ya zamani yasiyoona jua, ni uzee tu. Mmea ulio karibu kutoa maua nao hudondosha baadhi ya majani. Usitibu kisichougua.

Majani au maua yanapukutika ghafla

Bogenvilia haipendi mabadiliko ya haraka. Ukinunua mmea uliojaa rangi na siku chache baadaye ukabaki uchi, usikate tamaa wala usimlaumu aliyekuuzia. Safari, upepo wa kwenye gari na mwanga mpya vinatosha kuufanya utupe kila kitu. Uweke mahali pake pa kudumu penye jua, na usiuhamishe hamishe. Majani mapya hutoka ndani ya wiki chache.

Katika nyanda za juu zenye joto la mchana na baridi ya usiku, joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani huanza kuanguka. Punguza maji kipindi hicho chote, kwa kuwa mmea usio na majani haunywi, na udongo baridi uliolowa huozesha mizizi haraka.

Majani ya rangi yakianguka mapema, chunguza unavyomwagilia. Kiu inayochochea maua inapaswa kukoma pale rangi inapojitokeza. Kuanzia hapo mmea unataka unyevu wa wastani usiopandapanda na kushuka, na ukiendelea kuukausha utaitupa rangi yote. Watu wengi hufanya sehemu ya kwanza vizuri kabisa na kuharibu ya pili. Mwagilia shinani, si juu ya maua, kwa sababu majani ya rangi yakishika maji huoza na kuwa kahawia. Mvua kubwa na upepo mkali navyo huyapukutisha, na hapo hakuna la kufanya isipokuwa kuchagua mahali palipokingwa na upepo.

Majani yana mapengo, yamejikunja au yananata

Majani yaliyoliwa kingoni, kuanzia nchani kwenda ndani, bila mdudu kuonekana mchana, ni kazi ya viwavi wadogo wa nondo wanaotembea kwa kujikunja mgongo na kujinyoosha. Mchana hujinyoosha kwenye tawi na rangi yao hufanana na kijiti, ndiyo maana unaweza kupita mbele yao mara nyingi usiwaone. Nenda na tochi usiku, au tafuta vinyesi vyeusi vidogo kwenye majani ya chini. Wachache waokote kwa mkono. Wakiwa wengi, tumia dawa ya bakteria *Bacillus thuringiensis* jioni, ukilenga majani machanga. Dawa hiyo huua viwavi wanaokula majani na haidhuru nyuki. Kama mmea ni mkubwa na una nguvu, unaweza hata kuwaacha. Wanaharibu sura, hawaui.

Ncha zilizojikunja na kunata ni za vidukari. Mafungu meupe kama pamba kwenye makwapa ni ya vidung'ata. Wadudu hawa hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, ambayo huota ukungu mweusi kama masizi juu ya majani. Watu hupambana na masizi na kuwasahau wadudu. Masizi hayashambulii mmea, yanakula utamu tu, na wadudu wakiisha nayo huisha. Tazama pia sisimizi: wakipanda na kushuka shinani kwa mistari, wanalinda mifugo yao dhidi ya wadudu wazuri ambao wangewala. Ng'oa njia zao, kata matawi yanayogusa ukuta na kuwapa daraja.

Mnyunyizo wa maji kwa nguvu huondoa vidukari wengi. Wanaobaki wapulizie maji yenye sabuni laini kidogo au mafuta ya mwarobaini, chini ya majani pia, jioni au asubuhi mapema. Kamwe usinyunyizie mmea wenye kiu wala wakati wa jua kali, na ujaribu kwanza kwenye matawi mawili matatu. Ukiona majani yenye vitone vidogo vilivyopauka na utando mwembamba chini yake wakati wa ukavu, hao ni utitiri. Maji chini ya majani kila baada ya siku chache huwavuruga.

Madoa kwenye majani

Madoa ya kahawia au mekundu meusi yanayotokea wakati wa joto na mvua, huku majani machanga yakipinda na kukunjamana, kwa kawaida ni ugonjwa wa bakteria aitwaye *Robbsia andropogonis*, ambaye maandishi ya zamani humwita *Pseudomonas* au *Burkholderia andropogonis*. Huenea kwa matone ya maji yanayorukia kutoka jani hadi jani. Kwa hiyo tiba kubwa ni kuacha kumwagilia juu, kupanua nafasi kati ya mimea, kupunguza matawi ya ndani ili upepo upite, na kuokota majani yaliyoanguka. Fanya kazi hiyo majani yakiwa makavu, na futa mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda kwenye mmea mwingine. Dawa ya shaba husaidia kuzuia majani mapya yasishikwe, haiponyi yaliyokwisha kuugua. Mvua zikiisha mmea hujinasua wenyewe.

Rangi imebadilika

Rangi iliyopauka kwenye mmea mzima ni ishara ya jua pungufu, au ni majani ya rangi yaliyozeeka. Kuna aina ambazo hufunguka zikiwa chungwa na kumalizia zikiwa waridi, hivyo linganisha shada changa na shada changa lenzake.

Tawi moja likitoa rangi tofauti na mengine, mambo mawili yanawezekana. Kama mmea uliunganishwa kwenye shina la aina nyingine, huenda tawi limechipuka chini ya kiungo. Lifuatilie hadi chini na uling'oe lilipotokea. Kama ni aina yenye rangi mbili kwenye mmea mmoja, au yenye majani ya kijani na krimu, tawi linarudi kwenye asili yake. Tawi la kijani kitupu hukua haraka kuliko lenye krimu, na ukiliacha litaufunika mmea mzima. Likate leo.

Kuna wanaomwaga siki au kuzika misumari wakitarajia kubadili rangi kupitia udongo. Rangi ya bogenvilia inatokana na betalaini, rangi asilia inayotengenezwa na mmea wenyewe, na haifuati asidi ya udongo. Misumari itakuchoma mguu tu.

Vipandikizi vinachipuka kisha vinakufa

Hili huvunja moyo kwa sababu linakuja baada ya matumaini. Kijiti kinatoa majani mawili mazuri, unafurahi, na wiki inayofuata kimesinyaa. Majani yale yalitoka kwa akiba iliyokuwamo ndani ya kijiti, si kwa mizizi. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 12, na kuchipuka peke yake hakuthibitishi lolote.

Chagua tawi lililokomaa nusu, lenye unene wa penseli, lisilo na maua. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20 lenye pingili tatu au zaidi. Kata chini kidogo ya pingili, kwa mshazari, ili usije ukalipanda kichwa chini. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo uyakate nusu. Homoni ya mizizi inasaidia sana kwa mmea huu, kuliko kwa mimea mingine mingi ya bustani. Panda kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na mboji kidogo, weka mahali penye joto na mwanga bila jua kali, na ufunike kwa mfuko wa plastiki unaofunguliwa kila siku kidogo. Udongo uwe na unyevu tu. Vingi huoza kwa tope kabla ya kuwa na nafasi ya kuota mizizi.

Usivute kijiti kukagua, maana mizizi ya mwanzo hukatika kwa mguso. Subiri mpaka tawi jipya lirefuke na kuendelea kurefuka, au mizizi ionekane kwenye tundu la chini. Aina za kawaida za zambarau, zile za *Bougainvillea glabra*, hushika kwa urahisi. Zenye majani ya krimu na zile zenye maua yaliyofungamana mara mbili ni ngumu, na wakulima wa vitalu mara nyingi huziunganisha kwenye shina la aina yenye nguvu. Kama unazitaka hizo, panda vijiti vingi kwa wakati mmoja, na uvae glavu nene: mchomo wa miiba ya bogenvilia huwasha na kuvimba kwa baadhi ya watu.